Mdachi, Hayakuhusu, na Watoto Wao Wanne

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mnaopita humu ndani mkidhani bibi akifumba macho kalala, kaeni mnisome. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye kisomo, nikiwa nimeshazaa mara tano, kwa hiyo zikipinda zifuateni huko huko zinakopindia. Nimewasikia. Tangu Zuhura aseme Ijumaa kuna kijana anakuja kujitambulisha, uani hapakaliki. Sufuria moja inaoshwa na watu wanne, na maneno ni yale yale: "Baba yake nani? Asili yake wapi? Mbona kalelewa na mama tu?" Mnanusa. Kunusa kwa namna hiyo nimekuona kwa mbwa, na mbwa wakishanusa mara moja huridhika wakaenda zao.

Sasa nitawaambia habari za kazi yangu ya ujanani, ambayo mama zenu wanaificha. Wakiulizwa wanasema, "Mama alikuwa yaya kwa Wazungu." Sikuwa yaya. Nilikuwa msusi wa mbwa.

Chekeni, nasubiri.

Mmemaliza? Haya.

Ilikuwa Lindi, wakati wa Mwingereza, ile miaka Wazungu walipomiminika kwa ajili ya karanga, kila meli inashusha bwana mpya na masanduku yake. Bwana wetu alikuwa wa barabara. Barabara yenyewe kila masika ilikwenda na maji, na yeye kila kiangazi anaitengeneza upya, tukamwita Bwana Matope. Mkewe, memsabu, tulimwita Bibi Chanuo, maana mfukoni hakosi chanuo la chuma. Si la kichwa chake. La mbwa.

Mbwa wenyewe alikuwa jike, mweusi, mdomo mrefu kama wa mtu anayetaka kupuliza moto, nywele zimejisokota toka utosini hadi vidoleni. Memsabu alisema ni pudo, aina ya mbwa wa kifalme kutoka Ufaransa. Mbwa wengine manyoya yao yanadondoka. Ya pudo hayadondoki. Yanaota tu, siku hadi siku, kama nywele za binadamu, na ukiyaacha siku tatu bila kuyachana yanashikana yanakuwa mkeka. Zilikuwa nywele kama zetu. Memsabu alimpenda mbwa kwa zile nywele, na mimi mwenye nywele zile zile akaniambia nivae kitambaa, nisije nikamwagia uchafu jikoni.

Kazi niliipataje? Nilikuwa nimeachwa. Nina mtoto mmoja mgongoni, nimehamia Lindi kwa somo yangu, nasuka wanawake barazani. Memsabu akapita na mbwa wake aliyejifunga mafundo mwili mzima, akasimama, akatazama mikono yangu inavyokwenda. Kesho yake akaja mpishi wake kuniita.

Na hapa mlijue jambo moja, maana ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wangu Chilumba wa Mtama alikubali nikae mjini kwa sharti: siku nikiwa na kazi, nakaa, siku kazi ikiisha, anakuja kunichukua, na mume ameshapatikana, Mzee Mkoko. Mzee Mkoko alikuwa na wake watatu na meno mawili. Alikuwa amenisubiri tangu eda yangu iishe, na kila Jumamosi alikuwa anamuuliza mjomba, "Bado hajafukuzwa?"

Kwa hiyo nilimchana yule mbwa kama mtu anayechana roho yake mwenyewe.

Sikilizeni ufundi, hata kama hamtauhitaji. Nywele za namna ile hazichanwi kutoka shinani, utamtoa machozi. Unaanzia nchani, unashuka kidogo kidogo, unagawa mafungu kama unataka kusuka. Masikioni kuna vinyweleo vinaota kwa ndani, hivyo unavinyofoa kwa vidole, kimoja kimoja, huku unamwimbia. Na usimpake mafuta ya nazi. Mimi nilimpaka wiki ya kwanza, nikijua namng'arisha kama mwali anayetoka ndani. Akatoka mbio, akaenda kujiviringisha kwenye jivu nyuma ya jiko. Alirudi kama andazi lililoingia unga. Mpishi alimkimbia akisoma Ayatul-Kursi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Memsabu alisafiri kwenda Mikindani siku tano, mvua ikanyesha, nywele zikashikana. Nikasema, msusi nishindwe na kichwa? Nikamsuka. Nilimsuka twende kilioni, mistari imelala nyuma, safi, mpaka mgongoni. Memsabu aliporudi alipiga ukelele uliosikika bandarini. Halafu akaenda kuchukua kamera. Ile picha ilipelekwa Ulaya, na mimi naamini ndicho kichwa pekee nilichosuka kilichofika huko.

Kwa desturi yake memsabu alitaka anyolewe kwa mtindo wa kwao: matako wazi, miguu wazi, halafu mafundo ya nywele yaachwe magotini, kiunoni na ncha ya mkia. Siku ya kwanza nilipomnyoa hivyo mpishi alimtazama kwa muda mrefu.

"Somoe," akaniita, "huyu amenyolewa denge. Lakini denge la watu linakaa kichwani. Hili limehamia kwenye matako. Amekosa nini?"

Mpishi huyo, Mwinyi Kombo, alikuwa mtu wa Kilwa Kisiwani, na kila asubuhi kabla hajavunja yai alitukumbusha kwamba babu wa babu yake alitoka Shirazi. Ukimuuliza Shirazi iko wapi, anaonyesha kwa mwiko upande wa bahari. Mimi mara nyingi alikuwa ananiita "wee Mmwera", hata nilipokuwa nimesimama karibu kiasi cha kuitwa jina langu. Memsabu naye alikuwa na cheti cha ukoo wa mbwa wake, kimetundikwa ukutani ndani ya kioo, majina ya baba na babu na bibi wa mbwa hadi kizazi cha tano. Basi katika nyumba ile walikuwa wawili wenye asili, mbwa na mpishi. Mbwa ndiye aliyekuwa na karatasi.

Jina la yule mbwa lilikuwa Dachesi, yaani, kwa maelezo ya mpishi, mke wa mtu mkubwa sana Ulaya. Memsabu akimwita kutoka barazani, "Dachesi! Dachesi!", sisi tulisikia Dachi. Na Dachi kwetu ni mmoja tu, Mdachi, Mjerumani aliyewachapa babu zetu kwa kiboko. Tukamwita Mdachi. Kulikuwa na mzee mmoja, askari wa zamani wa Mjerumani, akipita njia ya chini ya nyumba ile na memsabu anaita, mzee anakaza mgongo, anaweka mikono mapajani, mpaka mbwa aitike.

Mwinyi Kombo, pamoja na maringo yake, ndiye aliyenifundisha kukaa na mbwa na dini yangu isiharibike. "Mkono mkavu ukigusa mbwa mkavu, huna neno," aliniambia. "Lakini akikulamba, au ukimgusa umelowa, hiyo najisi nzito. Unaosha mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Udongo safi, si ule wa njiani wanakokojoa mbuzi. Umesikia, wee Mmwera?" Akanichimbia udongo mwenyewe, akauweka kwenye debe nyuma ya jiko, akaufunika kwa kifuu. Nikanena asante. Kila nikimaliza kumkosha Mdachi, nakwenda kwenye debe, nahesabu: moja, mbili, tatu, hadi saba. Memsabu alikuwa ananiona kutoka dirishani, akawa anawaambia wageni, "Somoe napenda sana kunawa. Safi sana." Hatukumsahihisha.

Sasa njooni kwenye ile siku.

Mdachi alifika wakati wake wa kutaka dume. Memsabu alikuwa ameshaagiza mume kutoka Nairobi, naye ni pudo, ana cheti chake, yuko melini anakuja. Mpaka afike, Mdachi afungiwe stoo. Ufunguo akanitundikia mimi shingoni kwa uzi, akanitazama machoni.

"Somoe. Mlango nafunguka, kazi yako kwisha. Nasikia?"

"Nimesikia, memsabu."

Nilimwona Mzee Mkoko na meno yake mawili.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, memsabu amelala, bwana yuko kwenye matope yake, mjomba Chilumba akatokea mlango wa nyuma. Kaja na lori la mihogo kutoka Mtama, kuja kutazama kama bado nina kazi. Kafuatana na mbwa wake wa kusakia nguruwe, mwekundu kama matofali, sikio moja limeraruka, mbavu zinahesabika.

Mwinyi Kombo alimzuia pale pale kwenye jua. Hakumwamkia. Alianza: "Wa wapi wewe? Wa nani? Kabila gani?"

"Nimekuja kumwona mpwa wangu," mjomba akasema.

"Na hilo libwa linaitwaje?"

"Hayakuhusu."

"Mzee, nimekuuliza kwa adabu."

"Nami nimekujibu."

"Nakuuliza jina la mbwa!"

"Nakwambia, Hayakuhusu!"

Nilitoka stoo mbio kuwaamua. Niwaeleze: kwetu bara, mtu akisengenywa na majirani hagombani. Anafuga mbwa, anampa jina la jibu alilotaka kuwapa. Halafu jioni anamwita kwa sauti. Mjomba alikuwa amesemwa sana kwa ajili ya mjane mmoja wa jirani, basi kila magharibi kijiji kizima kinasikia, "Hayakuhusu! Hayakuhusu, njoo ule!"

"Shikamoo mjomba," nikasema kwa mbali, maana mikono yangu ilikuwa imelowa.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtu wenu haweki hata kata ya maji?"

Nilikuwa natoka kumkosha Mdachi. Alikuwa amenilamba hadi kiwikoni. Na hapo ndipo kosa lilipokaa, kosa dogo kuliko punje ya mtama. Ufunguo ulikuwa shingoni, umelala juu ya kanga ninayosalia, na adhuhuri imekaribia. Nikiushika kwa mikono ile, nanajisi ufunguo, uzi, kanga, na shingo. Nikasema moyoni, nitaurudisha mlango kwa kisigino, ninawe upesi, halafu nije nifunge nikiwa twahara. Nikaurudisha kwa kisigino. Nikaenda kwenye debe.

Moja. Mbili. Ya udongo, tatu. Nilikuwa kwenye ya nne Mwinyi Kombo aliposema, kwa sauti ya mtu anayeona meli inazama na yeye yuko pwani:

"Somoe. Harusi."

Mnajua mbwa wakishakutana wanavyonasana, huyu anatazama huku na yule kule. Niliruka na kata mkononi ili niwamwagie maji.

"Waache," mjomba akasema. Alikuwa amechuchumaa kivulini, hana haraka hata ya kumfukuza nzi. "Ukiwavuta utawaumiza wote wawili. Kimeshakwisha. Kamalizie kunawa."

Na kweli, wajukuu zangu, nilirudi nikamalizia. Tano, sita, saba. Nilikuwa nalia, lakini nilihesabu.

Tulipomfungia tena Mdachi, Mwinyi Kombo alitabasamu. "Leo nimekushika, wee Mmwera." Mjomba akaondoka na mbwa wake bila kunywa maji. Na tangu siku hiyo malipo ya kunyamaza kwa mpishi yalikuwa haya: kila asubuhi nisimame jikoni nisikilize ukoo wake wote, kutoka Shirazi hadi yeye, na kila jina nitie "mashallah". Mayai yaliungua, mimi bado niko kwa babu wa tisa.

Mume wa Nairobi akafika. Jina lake Lodi. Bahari ilikuwa imemchafua, alishushwa amebebwa na hamali kama mkungu wa ndizi. Alikuwa na cheti kirefu kuliko cha Mdachi. Wakamwingiza stoo. Alinusa, akapiga chafya, akaenda kulala chini ya meza na hakutoka mpaka alipopakiwa melini kurudi. Memsabu hakuyaona hayo. Aliona aibu kuchungulia. Akaandika kwenye daftari kwamba ndoa imefungwa.

Miezi miwili ikapita, wakazaliwa wanne.

Mtoto wa mbwa akiwa wa siku moja hana siri, wote panya tu. Siri zinatoka kidogo kidogo. Wiki ya pili, rangi: wawili wekundu kama matofali. Memsabu akasema, "Rangi nageuka baadaye." Wiki ya tatu, mkia ukajikunja juu ya mgongo. "Nanyooka baadaye." Wiki ya tano sikio moja likasimama na la pili likalala, na nywele zikaanza kujisokota juu ya mbavu za Hayakuhusu. Mdomo wa mama, kifua cha baba, miguu ya sijui nani. Mwinyi Kombo akipita na sinia alinong'ona, "Anayesema huyu ni mtoto wa Lodi, na mimi ni mtoto wa Malkia." Mimi nikawa sili.

Bwana Matope naye akaalika watu kuja kunywa chai na kutazama watoto wa kifalme. Katika wageni alikuwemo padre mmoja wa misheni za bara, Mjerumani, mzee wa ndevu, aliyekuja kulalamika juu ya barabara. Alikuwa amekaa nchi hii kabla Mwingereza hajaja na alisema Kiswahili kuliko mimi.

Memsabu akaanza hadithi yake ya Ufaransa. Padre akamsikiliza hadi mwisho, akakoroga chai. Halafu akasema, kwa Kiswahili, nafikiri ili na sisi tusikose:

"Huyu mbwa ni wa kwetu, mama. Pudo ni neno letu, la kuchezea maji. Wawindaji walikuwa wanapiga bata, naye anaogelea kuwachukua. Wakamnyoa nyuma ili maji yasimzuie, wakamwachia nywele kwenye maungio asipate baridi."

"Hapana!" memsabu akasema. "Mfaransa!"

"Wafaransa walimnyoa vizuri zaidi," padre akasema. "Lakini ni Mdachi."

Mwinyi Kombo nusura amwage maziwa. "Sisi tulisema tangu siku ya kwanza," akaniambia kwa pembe ya mdomo. Nami nikamtazama memsabu, ambaye kaka yake alipigana na Wajerumani vita vizima, na huku Mjerumani analala miguuni kwake kila siku kwenye godoro la manyoya.

Ingeishia hapo ningepona. Lakini padre akainama, akamwinua mmoja wa wale wekundu, akamgeuza tumbo, akamtazama meno, akacheka. "Na baba wa huyu namjua pia. Anatoka Umwera. Huyu atafukuza nguruwe."

Memsabu akageuka polepole. Hakumtazama padre. Alinitazama mimi, na ule ufunguo ambao nilikuwa bado nauvaa.

"Somoe. Baba yake nani?"

Nilikuwa na uongo wa namna tatu tayari. Niliutengeneza kila usiku kwa miezi mitatu. Lakini nilipofungua mdomo nikaona uongo wote ni mrefu, na nimechoka. Nikataja jina.

"Hayakuhusu, memsabu."

Kikombe cha mtu kikagonga sahani. Memsabu akawa mwekundu toka shingoni kwenda juu.

"Nasema nini wewe?"

"Hayakuhusu."

Padre alificha uso wake ndani ya ndevu. Bwana Matope aliinuka kwenye kiti. Na hapo Mwinyi Kombo, mtu wa Shirazi, ambaye angeweza kukaa kimya akaniangalia ninavyozama, akaweka sinia chini.

"Ndilo jina lake, memsabu," akasema. "Mbwa wa mjomba wake anaitwa Hayakuhusu. Mimi nilikuwepo. Nilimwona, nikanyamaza."

Siku ile nilimsamehe mababu zake wote.

Bwana Matope alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo. Memsabu hakucheka. "Mlango nafunguka?"

"Ulifunguka, memsabu. Sikuufunga."

"Kwa nini?"

"Mikono yangu ilikuwa na najisi."

Hakuelewa. Padre akamweleza, kwa Kiingereza, na nilikuwa naona kwa vidole vyake anavyohesabu hadi saba, halafu anavyosugua kama mtu anayesugua udongo. Memsabu akatazama debe lililo nyuma ya jiko, lile alilokuwa anawasifia wageni. Nadhani hilo lilimchoma kuliko watoto wanne. Kwamba miaka miwili nimemwimbia yule mbwa, nimemsuka, nimemnyofoa vinyweleo masikioni kwa vidole hivi, na kila siku nikitoka hapo nimejiosha mara saba.

"Kazi kwisha," akasema. "Na hawa," akaonyesha watoto, "Jumamosi natupa baharini."

Habari ya mtu kufukuzwa haihitaji posta. Lori la mihogo liliifikisha Mtama kesho yake, na jibu likarudi na lori hilo hilo: mjomba anakuja Jumamosi, Mzee Mkoko ameshanunua mkeka mpya.

Nikafunga kanga zangu kwa somo yangu, nikamfunga mtoto mgongoni, nikangoja. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mwinyi Kombo alikuwa anapita jioni kunipa habari za mjengoni. "Mdachi ameshika fundo nyuma ya sikio." Kesho yake: "Fundo limefika shingoni. Memsabu amejaribu kumchana kutoka shinani." Keshokutwa yake: "Amemng'ata."

"Amemng'ata nani?"

"Nani tena? Kamng'ata mwenye cheti chake."

Alhamisi asubuhi memsabu akaja mwenyewe, kwa miguu, mpaka uani kwa somo yangu, kitambaa cheupe mkononi na chanuo lake ndani ya kitambaa. Wanawake waliokuwa wanasukwa wakageuka na vichwa vyao nusu nusu. Hakuketi. Hakuomba radhi, na mimi sikuomba.

"Dachesi nakuuliza wewe," akasema.

"Mimi naye hatuna ugomvi," nikasema. "Lakini nitanawa. Mara saba, na udongo."

"Nanawa."

"Na wale watoto hawatupwi. Mjomba wangu atawachukua. Na akija kuwachukua atakaa barazani, kwenye kiti, apewe maji."

"Barazani mbele?"

"Mbele, memsabu. Nyuma alishasimama."

Akanipa lile chanuo. Jumamosi mjomba Chilumba akafika akiwa amevaa kanzu ya kuchukulia mtu. Mwinyi Kombo alimtolea kiti cha bwana chenye mikono, akamletea maji kwenye bilauri ya wageni, na hakumuuliza wa wapi wala wa nani. Mjomba alikunywa polepole mno, kwa makusudi, akiwa ameutazama mlango wa nyuma. Alipomaliza akasema, "Nilikuja kumchukua mke wa Mzee Mkoko, naondoka na mbwa wanne. Sijui nimweleze nini." Wakaingizwa kapuni, wakapanda lori la mihogo.

Mtaniuliza walikuwaje. Watu wanaopenda hadithi tamu wangesema kila mmoja alichukua uzuri wa huku na uzuri wa huku. Upuuzi. Ukichanganya huchagui. Wekundu wawili walikuwa na akili ya mama yao na ukaidi wa baba, wakajua kufungua komeo kwa mdomo, wakawa wanawatoa nguruwe kwenye mihogo ya Mtama usiku na mchana, na mto ukijaa wanaogelea kama bata wa yule padre. Lakini nywele! Kila mbigiri ya pori iliwarukia, na mjomba ilimbidi aniite mara mbili kwa mwaka nije ninyoe. Wa tatu alikuwa mwizi wa mayai. Wa nne alilala chini ya kitanda maisha yake yote, mpaka tukawa na wasiwasi kwamba labda Lodi aliamka mara moja. Wapwani wakiwaona waliwaita chotara, wakakunja pua. Halafu walikuja kwa mlango wa nyuma kumwomba mjomba mtoto wa hao hao chotara, maana mashamba yao yanaliwa.

Nilimchana Mdachi miaka minne mingine, mpaka Bwana Matope aliporudi kwao na barabara akaiacha ilivyokuwa. Mzee Mkoko aliolea mke mwingine ule mkeka wake.

Basi. Kalamu yangu imechoka na mimi nina amri moja, isomwe kwa sauti uani, na anayeosha sufuria aiache asikilize. Kijana wa Zuhura akifika Ijumaa, atandikiwe mkeka barazani mbele, apewe maji kwanza, chakula baadaye. Na yeyote katika nyumba hii atakayeuliza baba yake ni nani, mtajieni jina la mbwa wa mjomba.